Jumba la Mtoni na Daftari la Forodha

Toleo la ukumbusho la hekalu, kwa desturi, hujaa majina ya waasisi, picha za siku ya kuwekwa jiwe la msingi na shukrani kwa wafadhili. Hayo yote ni haki yake. Lakini jamii inayoadhimisha miaka ya hekalu lake huadhimisha pia miaka ya kuishi kwake mahali fulani, miongoni mwa watu fulani. Na habari za kuishi huko hazipatikani zote ndani ya kuta za hekalu. Sehemu yake imo bandarini, sehemu imo madukani, na sehemu kubwa kuliko tunavyodhani imo mashambani. Kwa sababu hiyo kikundi chetu cha historia, chenye wanachama wa hekalu pamoja na majirani zetu Waislamu na Wakristo, kiliamua kwamba ziara yake katika mwaka huu wa maadhimisho isiwe ya hekalu wala ya duka kongwe, bali iwe ya nyumba ya shamba. Tulikwenda Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar, kando ya bahari, karibu na barabara iendayo Bububu.

Baadhi ya wanachama waliuliza kabla ya safari, na swali lao lilikuwa la haki: jumba lile lilikuwa la mtawala Mwarabu wa madhehebu ya Ibadhi, sisi Wahindu tuna nini nalo? Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo. Jibu lina upande wa kujivunia, na lina upande ambao mtu angependa kuupita haraka. Tumeona si vyema kuandika upande mmoja tu.

Nyumba iliyojengwa kando ya kijito

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Alikuta kisiwa chenye rutuba, bandari yenye kina na maji matamu ya kuwanywesha mabaharia, mambo matatu ambayo Muscat haikumpa yote kwa pamoja. Taratibu alihamishia makao yake huku, na kati ya majumba yote aliyoyajenga, Mtoni ndilo la kwanza. Jina limetokana na kijito kinachoshuka hapo na kuingia baharini. Katikati ya miaka ya 1830 wageni waliokuja kwa merikebu walikwisha kuliona jumba hilo na kuliandika katika habari za safari zao.

Ardhi yenyewe ilikuwa na historia kabla ya jumba. Saleh bin Haramil, Mwarabu wa Oman, ndiye anayetajwa kuwa alileta mikarafuu ya kwanza kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi na kuipanda katika mashamba yake ya Mtoni na Kizimbani, mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said alimnyang'anya mashamba hayo, kisha akaipanua karafuu mpaka Unguja na Pemba zikajulikana duniani kote kwa zao hilo. Hivyo Mtoni halikuwa jumba la kupungia upepo tu. Lilisimama palepale ulipoanzia uchumi mpya wa visiwa hivi, uchumi wa mashamba makubwa.

Leo mgeni anayefika huko haoni fahari. Mapaa yamekwisha. Zimebaki kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, matao, milango isiyo na mbao na vyumba vya hamamu ambavyo bado vinaonyesha jinsi maji yalivyopitishwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jumba lilitumika kama ghala, na baadaye matangi ya mafuta yakajengwa jirani. Lakini behewa lingali linaonekana, na bahari ingali pale pale, karibu na ukuta, kiasi cha kusikika mawimbi wakati wa maji kujaa.

Shahidi aliyezaliwa ndani

Tuna bahati ambayo majumba mengi ya zamani hayana: mtoto wa nyumba hiyo ameieleza kwa kalamu yake mwenyewe. Bibi Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkezi, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo na kufikishwa Zanzibar baada ya kuuzwa. Salme alijifunza kusoma pamoja na watoto wenziwe, lakini kuandika hakukuruhusiwa kwa wasichana. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka kisiwani, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete wa Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake.

Kwa maelezo yake, Mtoni palikuwa na watu wapatao 1,000. Behewani walizunguka tausi, paa, mbuni na ndege wa kila namna, na watoto wakicheza miongoni mwao. Upande mmoja zilipangwa hamamu kwa mstari, na humo watu wa nyumba waliingia saa zote, mchana na usiku. Mbele ya bahari kulikuwa na roshani kubwa ya mbao yenye umbo la duara, iliyoitwa benjile, ambamo baba yake alizoea kutembea huku na huko, kichwa kimeinama, akiwaza. Mke mkuu, Bibi Azze binti Seif, ndiye aliyetawala mambo ya ndani, na hakuna aliyethubutu kumkaribia bila adabu iliyostahili.

Tulisoma kurasa hizo kwa sauti, tumesimama behewani. Tulipomaliza, bibi mmoja jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa mfanyakazi wa bandari, aliuliza swali fupi: "Na hao watu elfu moja, nani alikuwa akiwapikia?"

Swali hilo liliibadilisha ziara. Bibi Salme hakuficha kwamba nyumba ilijaa watumwa. Aliandika habari zao kama mtu aandikavyo habari za watu wa kwao. Lakini katika kitabu hichohicho kuna sura inayoutetea utumwa, akisema kwamba Wazungu hawakuuelewa ulivyokuwa katika nchi za Mashariki. Binti wa mwanamke aliyetekwa aliweza kuutetea mfumo uliomteka mama yake. Tusimhukumu haraka. Tuone tu jinsi nyumba inavyoweza kumlea mtu kwa upendo na wakati huohuo ikamzuia asione yaliyokuwa chini ya sakafu yake. Kama hilo lilimpata yeye, mwenye macho makali na moyo mkweli, hatuna sababu ya kudhani kwamba halikuwapata wazee wetu.

Nani alilipa?

Baada ya swali la mpishi huja swali la mlipaji, na hapo ndipo tunapokutana na wazee wetu.

Wafanyabiashara wa Kutch, Kathiawar na sehemu nyingine za Gujarat walikuwa wakivuka bahari hii karne nyingi kabla ya Seyyid Said. Kaskazi iliwaleta, kusi ikawarudisha. Wengi wa Wabhatia, Wahindu wa Kutch, walikuwa na maduka na maghala Muscat, na Seyyid Said alipoielekeza nguvu yake Unguja, nao walimfuata. Alikuwa mtawala aliyefahamu kwamba biashara haikai penye bughudha. Chini yake Msunni alisali kwa namna yake, Mshia kwa namna yake, na Baniani akaachwa na miungu yake, vyakula vyake na desturi zake za kuchoma maiti. Ni haki tuliseme jambo hilo katika kijitabu cha hekalu: mlango wa kwanza wa ibada zetu katika kisiwa hiki ulifunguliwa kwa ridhaa ya mtawala Mwislamu.

Mkubwa kati ya wafanyabiashara hao alikuwa Jairam Sewji, Mbhatia wa ukoo uliotoka Kutch. Tangu miaka ya 1830 yeye ndiye aliyekodi forodha ya Zanzibar. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: Seyyid hakuwa na makarani wa kukusanya ushuru. Alimpa mtu mmoja haki ya kuukusanya, na mtu huyo akaahidi kumlipa kila mwaka kiasi kilichokubaliwa, mvua inyeshe au jua liwake. Kilichozidi kilikuwa chake. Kilichopungua kilikuwa hasara yake. Mkataba uliotiwa saini na Marekani mwaka 1833 uliweka ushuru wa bidhaa zinazoingia kuwa asilimia 5, na mapatano na mataifa mengine yakafuata mkondo huo. Biashara ikakua, na kodi ya forodha ikakua nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1850 ilikaribia riale 200,000 kwa mwaka.

Lakini Seyyid hakusubiri mwaka uishe. Alichukua fedha mapema, alinunua vitu kwa hesabu ya forodha, aliandika hawala zilizolipwa na Jairam. Kwa hiyo mkodi wa forodha alikuwa pia benki ya dola. Tukiuliza ni nani aliyelipia mchele wa watu 1,000, mapambo ya masuria, mbao za benjile na merikebu za kivita zilizotia nanga mbele ya jumba, sehemu kubwa ya jibu imo katika daftari la Mbhatia mmoja, lililoandikwa kwa lugha ya kwao, katika chumba cha forodha kisicho mbali na ufuo. Mtawala alipofariki baharini mwaka 1856, wanawe walirithi majumba pamoja na deni. Uzito wa deni hilo ulimwelemea Seyyid Majid, na ulikuwa ungali unabishaniwa alipoingia Seyyid Barghash mwaka 1870.

Basi jibu la swali la wanachama wetu ndilo hili: tuna mengi na jumba la Mtoni. Hatukulijenga kwa mikono wala hatukulitawala, lakini wazee wetu waliliandika katika hesabu zao.

Faida na heri

Upande wa kujivunia ni huu. Bila mikopo ya Wahindi, Zanzibar isingekuwa soko lililojulikana kutoka Salem hadi Bombay. Kitambaa kutoka Marekani, ambacho Waswahili wanakiita merikani mpaka leo, kilipokelewa na wafanyabiashara hao, kikapelekwa bara kwa mkopo, na pembe za ndovu zikarudi. Mwaka 1857, Richard Burton na John Hanning Speke walipojiandaa kuingia bara kutafuta maziwa makuu, aliyewasaidia kupanga msafara alikuwa Ladha Damji, aliyesimamia forodha kwa niaba ya nyumba ya Jairam. Neno la mtu huyo, likiwa limeandikwa kwenye kipande cha karatasi, lilikubaliwa kama fedha taslimu mamia ya maili kutoka pwani.

Pia tusisahau kwamba Wahindu wa Zanzibar hawakuwa wote matajiri wa forodha. Kulikuwa na sonara, fundi cherehani, dobi, kinyozi, seremala, karani wa mshahara mdogo. Wengi wa watu wa mwanzo walikuja bila wake wala watoto, wakaishi miaka kadhaa kisha wakarudi Kutch kuwaona wazazi. Anayesema "Wahindi" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja anakosea; tena Wahindi wengi wa Zanzibar walikuwa Waislamu, Makhoja na Mabohora. Taria Topan, aliyekuja kuichukua forodha mwaka 1876, alikuwa Khoja.

Sasa upande wa pili. Ushuru wa forodha haukutozwa kwenye merikani na pembe tu. Ulitozwa pia kwa kila kichwa cha mtumwa aliyeshushwa bandarini kutoka Kilwa na kwingineko. Daftari lililolipa mchele wa Mtoni lilikuwa na safu ya vitambaa, safu ya pembe, safu ya karafuu na safu ya watu. Wengine wa wafanyabiashara walimiliki watumwa nyumbani na mashambani, na wengine waliwakopesha fedha wenye misafara wakijua fika msafara ungerudi na nini. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Christopher Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaacha huru watumwa wao, na walioachwa huru walihesabiwa kwa maelfu. Maelfu hao hawakuwa wa Waarabu. Walikuwa wa Wahindi, Waislamu na Wahindu. Miaka michache baadaye Rao wa Kutch mwenyewe aliwatangazia raia wake walioko Zanzibar kwamba biashara hiyo ni marufuku kwao.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Misheni ya Kianglikana ikanunua sehemu ya ardhi ya soko la mjini, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Habari za misheni zinaeleza kwamba nyumba na kiwanja kilichopakana na soko kilitolewa kama zawadi na tajiri wa Kihindi, nazo zinamtaja kwa jina la Jairam Senji. Jairam mwenyewe alikwisha kufariki. Nyumba yake ya biashara ilikuwa ikiendelea kwa jina lake. Hebu tuyaweke mambo hayo mawili karibu: nyumba iliyokusanya ushuru wa kila mtumwa ndiyo iliyotoa ardhi ya kanisa lililojengwa juu ya soko lao. Majirani zetu Wakristo wanaosali pale wanayo sehemu ya historia yetu chini ya miguu yao, nasi tunayo sehemu ya historia yao katika vitabu vyetu vya hesabu.

Rehani ya mikarafuu

Kutoka Mtoni njia inapanda kuelekea mashamba ya Kizimbani na Dole, na huko uhusiano wa daftari na nyumba ya shamba uliendelea muda mrefu baada ya Seyyid Said. Mikarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, na huzaa kwa kubahatisha: mwaka mmoja mavuno tele, mwaka mwingine haba. Mwenye shamba alihitaji chakula, nguo, harusi za watoto na mishahara ya wachumaji kabla ya karafuu kukauka. Alikwenda kwa nani? Kwa Baniani au Khoja wa mjini, naye akamwandikia deni kwa rehani ya shamba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na deni likabaki limesimama mahali pa mti ulioanguka. Tarehe 6 Aprili 1897 hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria, isipokuwa kwa masuria, ambao walingoja hadi mwaka 1909. Na wenye mashamba, ambao sasa iliwapasa kulipa mishahara, walizidi kukopa.

Katika miaka ya 1930 jambo hilo lilifikia kilele. Serikali ya Kiingereza ilitunga mwaka 1934 sheria za kuzuia mashamba ya wakopaji yasihamie mikononi mwa wakopeshaji, na mwaka 1937 ikaipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya ununuzi wa zao lote. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona wanafukuzwa katika kazi waliyoijenga kwa karne nzima. Wakagoma, na chama cha Congress huko India kikawataka watu wa India wasinunue karafuu ya Zanzibar. Mapatano yalipatikana mwaka 1938. Kila upande ulikuwa na sababu za kweli: mkopeshaji alikuwa amebeba hatari ambayo benki hazikuitaka, na mkopaji alikuwa ameona shamba la babu yake likitoweka ndani ya maandishi asiyoweza kuyasoma.

Hapo ndipo tuielewe methali ambayo kila mtoto wa Kihindu aliyekulia pwani hii ameisikia, pengine kwa kutaniwa shuleni: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tulipokuwa tumekaa kivulini, mbele ya hamamu, mzee mmoja wa hekalu alisema hivi: "Methali hii nimeichukia maisha yangu yote. Leo naona ina hesabu ndani yake." Alikuwa na haki. Wanaomtukana mtu hawana haja ya kutaja dawa yake. Methali inataja vyote viwili kwa sababu wenye kuitunga waliviona vyote viwili: mkopo uliowafaa siku ya shida, na deni lililowabana siku ya mavuno. Ni shutuma, na ni stakabadhi pia.

Jirani yetu, yule bibi, alimjibu kwa upole: "Mzee wangu, na sisi tulivaa hicho kiatu." Wakacheka wote wawili, nasi tukacheka. Lakini tulifahamu kwamba mazungumzo ya namna hiyo yasingewezekana katika ukumbi wenye hotuba na mashada. Yaliwezekana pale, kwenye kuta zisizo za mmoja wetu peke yake.

Daftari mbele ya Lakshmi

Wapo watakaouliza kama ni busara kuandika mambo haya katika mwaka wa furaha. Jamii yetu imepungua. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka kwenda Tanzania Bara, Kenya, India na Uingereza, nyingine zikiwa zimepoteza mali na nyingine zikiwa zimepoteza ndugu. Machungu hayo nayo ni sehemu ya historia na yanastahili makala yake. Je, watu wachache waliobaki wajitwike pia makosa ya watu waliokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita?

Jibu letu limo katika ibada yetu wenyewe. Kila Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati huleta daftari mpya za mwaka, chopda, na kuziweka mbele ya Lakshmi na Ganesh. Kabla ya tarakimu yoyote kuandikwa, huandikwa maneno mawili: shubh na labh, yaani heri na faida. Wazee hawakuyaandika maneno hayo pamoja kwa mapambo. Walijua kwamba faida peke yake haitoshi, na kwamba daftari ni kitu kinachofunguliwa mbele ya Mungu. Daftari lililofunguliwa mbele ya Mungu halina ukurasa wa kuruka. Hatulaumiwi kwa deni ambalo hatukuliandika sisi, lakini tunaulizwa kama tumelisoma.

Kusoma huko kuna haraka, na haraka hiyo si ya maneno tu. Hesabu za maduka ya zamani ziliandikwa kwa Kigujarati na Kikutchi, kwa mwandiko ambao vijana wetu wengi hawaujui. Zinapopatikana darini huonekana kuwa takataka. Mchwa huanza na mwenye nyumba humalizia. Katika hesabu hizo yamo majina ambayo hayapo katika vitabu vya wafalme wala vya mabalozi: wachumaji waliokopa kanga, wavuvi waliokopa uzi wa nyavu, akina mama waliopangua vidani vyao ili mtoto atibiwe, na pengine watu walioandikwa bila jina, kwa idadi tu. Majirani zetu wanaotafuta habari za babu zao wana haki ya kurasa hizo sawa na sisi, pengine kutuzidi.

Kwa hiyo kikundi cha historia kinatoa maombi matatu kwa wanachama wa hekalu na majirani wote. La kwanza: asiyehitaji daftari, barua, hati ya rehani au picha ya zamani asiitupe kabla ya kutuonyesha. La pili: wazee wanaoweza kusoma mwandiko wa zamani wakubali kukaa jioni chache na vijana, wa dini yoyote, wawafundishe, hekalu limekubali kutoa chumba. La tatu: nyaraka zitakazokusanywa, kwa ridhaa ya wenyewe, zipelekwe Nyaraka za Taifa hapo Kilimani, ambako zitahifadhiwa vyema na kusomwa na kila mwananchi.

Tunapanga pia ziara nyingine: magofu ya Maruhubi, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 na lililoungua mwaka 1899, kisha hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrazad, mke wa Kiajemi wa Seyyid Said. Wote mnakaribishwa. Njooni na maji ya kunywa, viatu vya kutembelea kwenye mawe, na maswali ya namna ile aliyouliza bibi wa Mtoni.

Tunawashukuru waasisi wa hekalu hili, wanaotajwa na wasiotajwa katika kurasa za toleo hili, na tunawashukuru majirani waliotupokea kabla hatujawa na hekalu. Mwenyezi Mungu atujaalie heri na faida, na atupe moyo wa kuvihesabu vyote viwili kwa haki. Shubh labh.